Unga, gongo na valiamu kwa mtu mmoja: namna ya kumtibu bila kumpoteza

Kila wiki napokea simu ileile, sauti tu ndiyo inabadilika. "Kaka, dogo ameacha unga kabisa, mwezi wa pili huu. Ila sasa pombe." Unga hapo ni heroini. Kesho yake ni dada wa Igoma, hapa Mwanza: "Tulimfungia chumbani aache vyote kwa mpigo. Siku ya pili akakakamaa, povu likamtoka, tukadhani karogwa." Halafu mzee wa Igombe anauliza kwa nini mwanawe kapunguza gongo lakini anasinzia mezani, tonge likiwa mkononi.

Wote hawa wamekosea mahali pamoja. Mtu anatumia vitu vitatu au vinne, wao wamepambana na kimoja. Mwilini vitu hivi vimeshikana: kimoja kinaziba pengo la kingine, kimoja kinaficha arosto (mateso ya kukosa kitu mwili ulichozoea) ya mwenzake, na viwili vikikutana usiku vinaweza kuzima pumzi.

Mimi ni mwelimishaji rika. Kabla ya hapo nilikuwa teja, sifichi. Huu ndio utaratibu ninaowapitisha watu wangu, na sehemu yake kubwa ni kukufikisha kwa daktari ukiwa na taarifa zinazomsaidia. Nimeuandikia msimamizi, yaani mama, kaka, mke au rafiki, maana mgonjwa mwenyewe siku za mwanzo hana kichwa cha kusoma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari lenyewe. Bila uzi, kalamu itapotea siku ya pili.
- Msimamizi mkuu mmoja na wa akiba mmoja. Wakiwa watano, mgonjwa atawagonganisha.
- Nauli ya siku 14 kwenda na kurudi, ikae kwa msimamizi. Methadoni, dawa ya kunywa kliniki badala ya unga, hutolewa bure, daladala si bure.
- Pakiti na maboksi yote ya vidonge anavyotumia, hata yaliyo tupu.
- Kadi zake za kliniki: ya CTC (kliniki ya VVU) kama anatumia ARV, ya kifua kikuu kama yupo kwenye dozi, ya wajawazito kama ni mama mjamzito.
- Pakiti za ORS, ndimu, na unga wa uji (ule wa kupika, ndugu yangu).
- Simu yenye salio, na namba ya jirani mwenye bajaji au gari aliyekubali kuamshwa saa 8 usiku. Mwombe mapema, usingoje siku yenyewe.
- Chumba ambacho mlango wake haufungwi kwa ndani.

Usiandae kamba. Usinunue dawa ya kumlaza kwenye duka la dawa. Hayo mawili ndiyo yamenipeleka kwenye misiba mingi kuliko unga wenyewe.

## Hatua ya 1: Andika kila kitu, siku saba

Kwa siku saba mgonjwa anaendelea kutumia kama kawaida, na mnaandika. Najua inakera. Familia imechoka, inataka aache leo. Lakini usipojua anatumia nini, saa ngapi na pamoja na nini, hutajua kitakachomwangusha.

Chora safu nne: saa, kitu, kiasi, sababu. Nikuonyeshe ukurasa wa kijana mmoja aliyekuwa akifungasha dagaa pale Mwaloni, Kirumba (kete ni kifurushi kidogo cha unga):

*Saa 11 alfajiri: gongo, glasi moja. Kuzimua, mikono inatetemeka.*
*Saa 3 asubuhi: kete moja ndani ya msokoto wa bangi (kokteli). Arosto.*
*Saa 8 mchana: valiamu mbili. Kete peke yake haikolei.*
*Saa 12 jioni: kete moja. Kawaida tu.*
*Saa 4 usiku: gongo, chupa ya maji ya nusu lita. Ili nilale.*

Nyumbani kwao wote walisema huyu ni teja wa unga. Yeye mwenyewe aliniambia, "Kaka, pombe si tatizo langu, naifungulia siku tu." Soma tena mstari wa kwanza. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri huku mikono inatetemeka mpaka apate glasi, mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba ukiikata ghafla anaweza kuanguka degedege. Unga ndio ulioonekana, ila gongo ndiyo ingemuua kwanza.

Kiasi kiandikwe kwa kipimo anachokitumia: glasi, kete, kidonge. Kwa vidonge nakili na miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti, hasa tramadoli (dawa ya maumivu), maana zinatofautiana sana. Na ukitaka hesabu ya kweli, uliza hela. Mtu anasahau kete, hasahau hela. Akisema ametumia kete mbili wakati pesa iliyopotea ni ya nne, usimgombeze, andika nne na muulize taratibu.

Onyo: wiki hii asitumie peke yake akiwa amejifungia, na asipunguze pombe wala valiamu kwa kujikaza. Kama tayari anachanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwepo, au ameshaanguka degedege, achana na daftari. Nendeni hospitali sasa hivi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na kurasa tatu mfululizo zinazolingana na hela iliyotumika.

## Hatua ya 2: Tenganisha kinachoua na kinachotesa

Chukua daftari, pigia kila kitu mstari kwa kundi lake.

Kundi la kwanza: vinavyoweza kuua vikikatwa ghafla. Humu kuna pombe ya kila siku (bia, gongo, konyagi, yoyote) na vidonge vya jamii ya valiamu, yaani diazepamu na ndugu zake. Sababu ni hii. Pombe na valiamu ni breki ya ubongo. Ubongo ukiona breki imekanyagwa miaka mitatu bila kuachiwa, unajibu kwa kukanyaga mafuta ili gari liende. Siku ukiondoa breki ghafla, mafuta bado yamekanyagwa, na gari linapaa.

Kwa pombe, kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, homa inapanda, wanaongea na watu wasiokuwepo. Hapo watu wengi hukimbilia kwa mganga, na muda wa kumwokoa unapita. Valiamu ni mjanja zaidi: hukaa mwilini muda mrefu, hivyo shida yake inaweza kuchelewa siku kadhaa, hata wiki, wakati ninyi mmeshaanza kushangilia.

Kundi la pili: vinavyotesa. Unga, tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodeini. Arosto ya unga huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki moja hivi. Mifupa inauma, kamasi, kuhara, kutapika, vipele vya baridi. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hafi kwa arosto yenyewe. Anakufa kwa kukaukiwa maji, au zaidi anakufa wiki ya pili anaporudia kiasi chake cha zamani wakati mwili umeshakisahau.

Tramadoli ina miguu kwenye makundi yote mawili: ni ndugu wa unga, lakini pia yenyewe huleta degedege, na mtu anayetoka kwenye pombe akiwa na tramadoli tumboni yuko kwenye hatari mara mbili. Iandike kwa wino mwekundu.

Kundi la tatu: vinavyosumbua. Bangi, mirungi, sigara, ugoro. Usingizi unakata, hasira zinapanda, hamu ya chakula inapotea wiki moja au mbili. Aliyekuwa anakula mirungi kila siku anaweza kulala sana na kukata tamaa ya maisha, kwa hiyo msikilize anavyoongea. Hata hivyo, kuvikata vyenyewe hakumwangushi degedege.

Sheria ninayoomba uiandike kwenye jalada la daftari: cha kundi la kwanza hakikatwi nyumbani.

Na ya pili chini yake: unga au methadoni, ukiongeza pombe, ukiongeza valiamu, vyote vinapunguza pumzi. Vikikutana havijumlishwi, vinazidishana.

## Hatua ya 3: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi

Hili wageni hawalielewi, ila wewe wa ziwani utanielewa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza, taa ndizo zinawavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka wanatia nanga na kurudi nchi kavu na mgao wao mfukoni.

Familia nyingi huanzisha matibabu mbalamwezi kwa sababu ndipo kijana yupo nyumbani. Ni wakati mbaya kuliko wote. Ana hela, wenzake wote wako nchi kavu, na kila kibanda kinamwita kwa jina. Ukingoja giza nalo akaenda ziwani akiwa ndiyo kwanza ameacha pombe, degedege likimkuta juu ya mtumbwi usiku, hakuna wa kumtoa majini.

Mimi huanza siku ya kwanza au ya pili ya giza, *yeye akibaki nchi kavu*. Wenzake wametawanyika ziwani, kijiweni kumepoa. Maana yake atakosa mgao wa giza moja, kwa hiyo nenda na mzazi au mtu mzima mkaongee na tajiri wa mtumbwi mapema. Matajiri wengi hukubali, wameshazika vijana vya kutosha.

Kwa dereva wa bodaboda, mama wa sokoni au mwanafunzi, anza Jumatatu. Mkianza Ijumaa, siku mbaya zaidi zinaangukia Jumamosi na Jumapili wakati wahudumu ni wachache. Epuka mwisho wa mwezi na wiki za sikukuu.

## Hatua ya 4: Nenda hospitali na daftari lako

Kwa jiji la Mwanza, kliniki ya methadoni ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ina idara ya afya ya akili, na hali ikiwa nzito huko ndiko mara nyingi mtapelekwa. Kama mko Ukerewe, Sengerema au kambi za visiwani, anzeni hospitali ya wilaya mpate rufaa, msivuke ziwa na mgonjwa anayetetemeka. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, unaweza kuuliza huduma ilipo.

Hofu ya kukamatwa huwazuia wengi. Anayekwenda kutibiwa anapokelewa kama mgonjwa. Asiende na kete mfukoni, basi.

Kosa la hapa ni kutaja unga peke yake. Kliniki ya methadoni ilianzishwa kwa ajili ya uraibu wa heroini, na ukisema "anavuta unga" watakusikiliza kwa sikio hilo. Sema hivi, na uisome kwenye daftari: "Anatumia vitu vinne. Anakunywa kila alfajiri kuzimua kutetemeka. Anameza valiamu mbili kila siku. Aliwahi (au hajawahi) kuanguka degedege." Sentensi hizo nne ndizo zinazoamua kama atalazwa au atarudi nyumbani.

Kisha uliza, kwa heshima, usiogope:

"Pombe itashughulikiwa wapi?" Kwa mlevi wa kila siku, madaktari hutumia dawa za jamii ya diazepamu kwa kipimo, halafu wanazishusha siku hadi siku. Kwa aliyezoea valiamu yenyewe, kushusha huchukua wiki kadhaa, hata zaidi. Mara nyingi inafaa alazwe.

"Atapata thiamini?" Hii ni vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu asiyekula vizuri huwa hana, na akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kuipata, ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza, anayumba, anapoteza kumbukumbu. Ni dawa ya bei ndogo na ndiyo inayosahaulika.

"Dawa zake nyingine zinagombana na methadoni?" Toa kadi zote. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha methadoni kwenye damu, na efavirenzi kwenye ARV hufanya hivyohivyo. Mgonjwa anaanza kusikia arosto katikati ya dozi, familia inamwita mwongo, kumbe ni dawa. Dolutegraviri haina tabia hiyo.

"Ini limepimwa?" Homa ya ini B na C, hasa kama aliwahi kujidunga.

Mama mjamzito anayetumia unga asikatishwe ghafla, kwa ajili ya mtoto. Methadoni ndiyo njia salama kwake. Nendeni moja kwa moja.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka mmoja nilimpeleka jamaa yangu kwenye kituo ambacho sitakitaja. Wakamtibu vizuri siku mbili, wakatupa karatasi nzima ya vidonge vya kumalizia nyumbani, nami nikamkabidhi mwenyewe mkononi kwa sababu alikuwa anaongea vizuri. Usiku ule alivimeza vyote na gongo juu. Alipona kwa bahati. Tangu siku hiyo vidonge vinakaa kwa msimamizi, vinatolewa kimoja kimoja, anameza nikiona, ananyanyua ulimi.

Na kuhusu soba hausi, yaani nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha: nyumba hizi zina kazi yake na nazipenda, lakini nyingi hazina daktari wa usiku. Mtu wa pombe na valiamu apitie hospitali kwanza, soba hausi ije baadaye.

## Hatua ya 5: Siku kumi na nne za mwanzo

Methadoni huanza na dozi ndogo, ikipandishwa taratibu. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo siku tatu nne za mwanzo atasema, "Hii dawa yenu maji matupu." Na kweli, arosto haijaisha.

Hapa ndipo tunapowapoteza. Methadoni hujikusanya mwilini, hivyo dozi ileile siku ya nne ina nguvu kuliko siku ya kwanza. Kijana anaongeza kete moja na valiamu mbili "kusukuma siku", vinakutana na methadoni iliyojaa, analala, haamki. Mwambie wazi, mbele ya msimamizi wa akiba: kama dozi haitoshi, tunarudi kliniki kesho asubuhi kusema, hatuongezi wenyewe.

Mpe maji na ORS kidogo kidogo, uji mwepesi wa mtama au ulezi, supu ya sato. Ugali wa muhogo ungoje tumbo litulie. Mabega na miguu vikiuma, mkande kwa kitambaa cha maji ya moto. Hayo yanasaidia kuliko maneno.

Usiku, hesabu pumzi. Kila baada ya saa mbili, wiki mbili za mwanzo. Washa tochi ya simu, ielekeze ukutani isimpige machoni, angalia kifua kinavyopanda, hesabu kwa dakika moja nzima. Mtu mzima aliyelala huwa kati ya 12 na 20. Zikishuka chini ya 10, mwamshe. Sikiliza pia mkoromo. Ukiwa mzito, wenye kukatika kama msumeno kwenye mbao mbichi, huo si usingizi mzuri hata kama majirani wanacheka. Funua mdomo, angalia ndani ya mdomo wa chini na kucha: zikiwa za kijivu, hewa haitoshi. Mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya kalamu, ni unga au methadoni imezidi.

Asipoamka: mwite kwa nguvu, sugua mfupa wa kifua kwa konzi. Bado? Piga simu ya bajaji. Kama hapumui vizuri, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Hospitali wana naloksoni, dawa inayofukuza unga kwenye ubongo, lakini huisha nguvu kabla ya methadoni kuisha, kwa hiyo akizinduka msimrudishe nyumbani palepale.

Usimmwagie maji ya ndoo. Usimnyweshe maziwa. Usiseme "mwache alale, itamtoka". Nimeyaona yote matatu.

Akianguka degedege: ondoa vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, nendeni hospitali hata likikatika lenyewe.

Siku hizi zimekwenda vizuri kama anakunywa dozi bila kukosa, mikono imetulia asubuhi, anakula milo miwili, na hasinzii katikati ya maongezi.

## Hatua ya 6: Unga ukishatulia, itazame pombe

Miezi minne ya kwanza ya methadoni mimi nilijisifu mtaa mzima. Sikugusa kete. Jioni nikawa napitia bia mbili, kwa sababu "mimi sikuwa mlevi, nilikuwa teja". Mwezi wa tano nilikuwa nazimua asubuhi. Siku moja nilifika dirishani nanuka, wakanizuilia dozi, nikarudi nyumbani na arosto na hasira, na jioni nikavuta. Kuzuiliwa kule kulinikera miaka. Leo najua kwamba dozi juu ya pombe ile ingeweza kunizima usingizini.

Mtu akiondolewa kitu kimoja, jioni yake inabaki na shimo. Kwa hiyo panga jioni mapema. Saa 11 ale, kabla njaa haijageuka kiu. Abadilishe njia: kama daladala inamshusha mbele ya kilabu, ashuke kituo cha kabla atembee. Ujira wake wa siku aukabidhi kwa msimamizi kabla jua halijazama, kwa makubaliano yake mwenyewe, na iandikwe kwenye daftari ili isije ikaitwa wizi.

Onyo la kwanza: kuna dawa za kupunguza hamu ya pombe, na mojawapo ni naltreksoni. Mtu aliye kwenye methadoni au unga asiimeze kamwe, inaziba milango ya methadoni na kumtupa kwenye arosto kali ndani ya dakika chache. Kila anayekuandikia dawa ya pombe ajue kuhusu methadoni.

Onyo la pili: ile "dawa ya kuacha pombe" ambayo kina mama huitia kwenye mchuzi kwa siri. Ikiwa ni disulfiramu, mlevi akinywa juu yake moyo unakwenda mbio, anatapika, shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Hutumika kwa ruhusa ya mgonjwa na usimamizi wa daktari. Mama, tafadhali, si kwenye mchuzi.

## Hatua ya 7: Bangi, mirungi na sigara

Kwa mvutaji wa kokteli, bangi iondoke siku ileile na unga. Msokoto ndio sahani ya kete, harufu yake peke yake inaamsha mate. Kwa ambaye bangi na unga anavitumia mbali mbali, unaweza kusubiri wiki chache.

Mirungi inaharibu usingizi, na asiyelala hutafuta valiamu. Ondoa mirungi kwanza, ndipo umlaumu kwa vidonge.

Sigara wengi huwaachia "angalau abaki na kimoja". Kuiacha sambamba hakuharibu matibabu, na kwa mapafu ambayo pengine yamepita kwenye kifua kikuu ni faida. Lakini akikataa, sipigani. Nairudia mwezi wa tatu.

## Hatua ya 8: Kurudi kazini

Methadoni ni ya kila siku, kambi ya uvuvi ni ya wiki mbili. Havilingani, na hapa wengi hukatisha tiba kimyakimya. Ongeeni na kliniki *kabla* ya safari yoyote. Akikosa dozi siku tatu au zaidi, asinywe kiasi chake cha zamani atakaporudi, mwili umeshapunguza uvumilivu. Aseme ukweli, watamwanzisha chini.

Kwa mwaka wa kwanza mtafutieni kazi ya nchi kavu: kushona nyavu, kuanika dagaa kwenye chanja, kufungasha. Aliyewahi kupata degedege asipande mtumbwi wala kuendesha bodaboda mpaka daktari aseme.

## Akiteleza

Wengi huteleza, na kuna maswali matatu tu: umetumia nini, kiasi gani, pamoja na nini. Siku hiyohiyo, si kesho, kliniki ijulishwe kabla ya dozi. Hatari kubwa ni kwa aliyetoka mahabusu, hospitali au soba hausi baada ya wiki kadhaa bila kutumia. Kete yake ya zamani sasa ni sumu. Usiku huo hesabu pumzi tena kama siku ya kwanza.

Kisha rudisheni daftari mezani. Yule kijana wa Kirumba bado anaandika. Jumatano ya juzi ukurasa wake ulisomeka hivi:

*Saa 11 alfajiri: chai ya rangi. Mikono imetulia.*
*Saa 2 asubuhi: dozi.*
*Saa 10 jioni: bangi, nusu msokoto. Nilikutana na Fulani.*
*Saa 3 usiku: nimelala.*

Huyo Fulani tulimzungumzia Alhamisi.